Somo: Kuvua kwa kayaki kwenye ghuba zenye kina kifupi, Mwanza, mwanzoni mwa vuli

Somo hili linamhusu anayevua kwa mshipi na ndoana, akiwa peke yake kwenye kayaki ya plastiki au mtumbwi mdogo, katika vighuba vya Ziwa Victoria vya Nyegezi, Luchelele na Igombe, ambako mvuvi anaweza kukaa asubuhi nzima juu ya maji ya mita moja hadi tatu. Nimechagua mwanzo wa vuli, yaani Oktoba na Novemba, kwa sababu pepo za kusi zinazolivuruga ziwa kati ya Juni na Agosti huwa zimepungua nguvu, na mvua za kwanza huleta maji mapya na wadudu kupitia vijito, jambo linalowasogeza samaki karibu na ukingo.

Hatua ya kwanza: panga safari kwa kufuata upepo

Usiku na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua linapopanda, nchi ikapata joto, hugeuka ukaja kutoka ziwani. Wengi huuogopa upepo wa mchana kwa sababu ya mawimbi yake, lakini kwa mtu wa kayaki naona ule wa alfajiri ndio wa kuchungwa zaidi. Maji ya karibu na ukingo huwa yametulia, macho yako yako kwenye chelezo, na chombo kinasogea kidogo kidogo kuelekea kilindini bila wewe kuhisi.

Dawa yake ni rahisi, na Mwanza imejaaliwa mawe ya kutosha kwa kazi hii. Kabla ya kushusha mshipi, chagua jiwe moja lililo majini na kitu kingine nyuma yake mlimani, kwa mfano paa la nyumba au mwembe, ambavyo ukivitazama vimekaa kwenye mstari mmoja. Kila unapobadilisha chambo inua macho. Vikiwa vimeachana, umesogea. Anza safari kwa kupiga kafi dhidi ya upepo wakati mikono yako bado ina nguvu, fuata ukingo badala ya kukata katikati ya ghuba, na panga saa ya kurudi kabla hujaondoka. Mimi hupendekeza saa nne asubuhi, hata kama samaki ndiyo kwanza wameanza kula.

Hatua ya pili: vifaa

Jaketi okozi livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Beba filimbi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kopo la kutolea maji, na kisu kilichofungwa mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Nanga inahitaji maelezo zaidi. Jiwe la kilo mbili au tatu ndani ya kipande cha wavu chakavu linatosha, na likinasa kati ya miamba hutajuta kuliacha. Kamba ifungwe mbele au nyuma ya chombo, kamwe isifungwe ubavuni, kwa sababu wimbi likija wakati kamba ya ubavuni imekaza, upande huo huvutwa chini na kayaki hupinduka. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Hatua ya tatu: kuyasoma maji

Sato hupenda kingo za matete na magugu maji, hasa pale penye upenyo ambapo mwanga unafika chini. Jua likiwa mgongoni mwako na maji yakiwa maangavu, unaweza kuona kwenye mchanga miduara iliyofagiliwa safi, mfano wa mabeseni yaliyopangwa. Hivyo ni viota vinavyochimbwa na madume. Jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai kinywani na baadaye huwalinda humo vifaranga wake. Ushauri wangu ni kuviacha viota hivyo na kuvua pembeni, kwenye ukingo wa majani.

Sangara mtafute pale mawe yanapoingia majini na kina kuongezeka ghafla, kwa kuwa furu na samaki wengine wadogo hujificha humo. Vizimba vya kufugia samaki, ambavyo sasa vimeongezeka, huvuta samaki wa nje kwa sababu ya chakula kinachodondoka, lakini ni mali ya watu na kamba za nanga zake hutanda mbali chini ya maji. Pita mbali.

Hatua ya nne: kutega

Kwa sato tumia mshipi mwembamba, ndoana ndogo, chelezo chepesi, na nyungunyungu au donge dogo la ugali mgumu. Kinywa chake ni kidogo, naye hachukui chambo kwa pupa; mara nyingi chelezo hutetemeka, kikalala ubavu, kisha kikaondoka taratibu kwenda pembeni. Hapo ndipo pa kuvuta, tena kwa kiganja tu. Kwa sangara, kokota chambo bandia nyuma ya kayaki umbali wa mita 20 hivi huku ukipiga kafi polepole sambamba na mawe.

Hatua ya tano: kumtoa samaki

Kaa katikati, usiinamie upande mmoja, mlete samaki karibu na goti na umnyanyue kwa wavu mdogo wenye mpini. Kifuniko cha shavu la sangara kinakata, na mapezi ya gogogo na kambale yana miiba mikali, kwa hiyo vaa glavu. Akinasa kamongo, kata mshipi akiwa majini, kwani taya zake si za kuchezea ndani ya chombo ambacho miguu yako haina pa kwenda. Chora alama kwenye mpini wa kafi kwa sentimita 25 na 50: sato asiyefika ya kwanza na sangara asiyefika ya pili warudi majini.

Maswali na majibu

Swali (Bwiru): Mwalimu, ninavua kitoweo tu. Je, nahitaji leseni?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na udogo wa chombo haukuondoi humo. Anza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri yako, kisha jitambulishe kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, cha mwalo unaotokea; hao ndio watakaokutafuta ukichelewa kurudi. Maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane usiyaguse.

Swali (Igombe): Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili nao wanataka kunifuata. Kichocho je?

Jibu: Marahaba, mama. Hofu yako ni ya haki, kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho hukaa katika maji hayo hayo ya kina kifupi yenye majani. Vimelea hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, hivyo asubuhi hupunguza hatari lakini haiiondoi. Vaeni buti ndefu za mpira wakati wa kusukuma chombo, msisimame kwenye matete, na mwende kituo cha afya kupimwa, dawa ipo. Watoto wasipande kayaki ya mtu mmoja.

Swali (Luchelele): Kaka, viboko wakionekana nifanye nini?

Jibu: Usikae kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko anakokimbilia. Ondoka ukifuata ukingo, bila kelele, na siku hiyo usirudi hapo. Waulize wavuvi wa mwaloni kabla ya kushusha chombo, maana wao wanajua mahali viboko na mamba walipoonekana jana.

Swali (Nyegezi): Radi ikianza nikiwa katikati ya ghuba, nijilaze chini?

Jibu: Hapana, elekea nchi kavu iliyo karibu, hata kama si mwalo wako, ukiwa umelaza fimbo ya kuvulia. Dhoruba nyingi za ziwa hili huja usiku na kuendelea hadi asubuhi, kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni, na alfajiri ukiona wingu zito upande wa ziwani, usishushe chombo.