Somo: Jinsi ya kuzipata bendi za rock za Nairobi kabla hazijavunjika

Wakuu, habari za jioni. Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza, "Hizi bendi unazitoa wapi?" Nimechoka kujibu kwa vipande vya sauti huku matatu inapiga honi, kwa hiyo naandika mara moja, mwenye kuhifadhi ahifadhi. Mifano yangu ni ya Nairobi kwa kuwa ndiko ninakoishi. Ukiwa mji mwingine badilisha majina, njia ni ile ile.

Jambo moja kabla ya hatua. Bendi huru haina mtu wa kuipigia debe redioni, na programu za kusikilizia muziki hukuletea kinachofanana na ulichokwisha kusikia jana. Bendi yenye wasikilizaji mia mbili haiwezi kukufikia hapo ulipo. Utaifikia kupitia watu: waliocheza nayo, waliomnunulia mpiga besi soda, waliorekodi albamu yake. Sasa twende.

Hatua ya 1: Shika bendi moja, kisha vuta uzi

Chukua Duma. Wengi wetu tukiona jina tunamfikiria yule mnyama wa mbio, kumbe wao wamelitoa kwenye neno la Kikuyu la giza. Ni Martin Khanja na Sam Karugu, kelele tupu za metali (heavy metal, rock nzito kabisa) zilizochanganywa na mashine, na albamu yao ilitoka 2020. Sasa usiishie kusikiliza. Jiulize maswali matatu.

Nani aliitoa? Nyege Nyege Tapes, lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Kampala. Fungua ukurasa wa lebo hiyo, una kazi ya wiki nzima. Wanamuziki walitoka wapi? Nyuma yao kuna bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hayo tayari ni majina mawili mapya. Wamekwenda wapi? Khanja sasa anajiita Lord Spikeheart, na 2024 alitoa albamu ya peke yake kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Umeanza na jina moja, una matano, na hujatoka kitandani.

Tahadhari ya utafutaji: kuna bendi ya Nairobi inaitwa Rash. Ukiandika neno hilo peke yake utaletewa picha za upele mpaka chakula kikushinde. Ongeza "band Nairobi" kila mara.

Hatua ya 2: Bandcamp, lakini tazama chini ya jalada

Wengi wanaingia Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wao, wanasikiliza nyimbo mbili, wanatoka. Mali iko pembeni. Karibu na jalada la albamu kuna safu ya vijipicha vidogo: hao ni watu walioinunua. Bonyeza mmoja. Utaona rafu yake yote, kila kitu alichowahi kulipia. Mtu aliyetoa pesa yake kwa bendi ya Nairobi isiyojulikana hakununua kwa bahati mbaya, ana masikio. Mimi nina kama watu sita ambao sijawahi kuwaona wala kuzungumza nao, mmoja nadhani yuko Ujerumani, lakini kila mwezi nakagua rafu zao kama jirani mmbeya. Nusu ya ninachosikiliza nimekitoa huko.

Kisha bonyeza kitufe cha kuifuata bendi. Ikitoa kitu, barua pepe inakuja. Tafuta pia kwa tagi, "nairobi" na "kenya", ukipanga kuanzia vipya.

Kuhusu siku: tangu Julai 2015 muziki mpya duniani hutoka Ijumaa, kwa hiyo kukagua Jumanne ni kujichosha. Bandcamp nayo ina Ijumaa zake maalumu zilizoanza Machi 2020 wakati wa korona, ambapo inaachia fungu lake. Siku za kawaida hukata asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua na 10 kwenye fulana na kaseti. Saa zao ni za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu inaanza saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira yao. Ukinunua Ijumaa hiyo saa mbili asubuhi ukidhani umewahi, umewahi mno.

Hatua ya 3: Daftari la metali

Tovuti ya Encyclopaedia Metallum ipo tangu 2002 na unaweza kupekua kwa nchi. Chagua Kenya, utapata jedwali la bendi, mji, na kama bado ziko hai. Ni metali tu, panki (punk) hawaingii, kwa hiyo bendi ya panki ya Crystal Axis, walioimba kuhusu mateso ya Nyayo House, usiwatafute humo.

Hatua ya 4: Soma bango kuanzia chini

Hapa ndipo penye utamu. Bango la shoo lina jina moja kubwa juu, hilo unalijua. Shuka. Mstari wa pili bendi mbili, mstari wa tatu herufi ndogo ambazo aliyechora alizibana karibu na nambari ya till ya kulipia. Hao wa chini ndio unaowatafuta: wanafungua shoo, wanapiga dakika ishirini, na mwaka kesho wako juu au wamevunjika. Piga picha ya skrini, tafuta kila jina usiku huo huo.

Sasa kisa changu, mcheke. Niliona bango limetumwa kwenye kundi, bendi nne, "Jumamosi tarehe 14". Nikaangalia kalenda, tarehe 14 ilikuwa Ijumaa. Nikasema wamekosea kuchapa tu. Jumamosi nikavaa fulana nyeusi, nikapanda boda mpaka Westlands. Mlangoni baunsa ananiuliza, "Bendi gani?" Ndani watu wa harusi wanaimba karaoke. Bango lilikuwa la mwaka mwingine kabisa, mtu amelituma kwa kumbukumbu. Tangu siku hiyo, siku na tarehe zisipokubaliana, sitoki nyumbani mpaka niione shoo kwenye ukurasa wa bendi yenyewe. Ukumbi peke yake hautoshi. Kumbi husahau kufuta.

Kwa ratiba, angalia tovuti za KenyaBuzz na Ticketsasa, na usipuuze Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, pale kwenye kona ya Loita na Monrovia. Wana jukwaa, vyombo vizuri, na mara nyingi kiingilio ni kidogo.

Hatua ya 5: Ukiwa pale

Wahi. Bendi ya herufi ndogo inapiga wakati watu bado wanaagiza chipsi. Vizibo vya masikio, hata vile vya sponji vya duka la dawa, vitakusaidia ukisimama karibu na spika. Ikiisha, mfuate mpiga drams. Wapiga drams wazuri ni wachache na ndugu zangu hawa hupiga bendi mbili tatu kwa wakati mmoja. Swali langu ni moja tu: "Wiki ijayo unapiga na nani?"

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sina kadi ya benki. Nanunuaje Bandcamp?*

Ukiwa Safaricom, fungua M-Pesa GlobalPay ndani ya programu ya M-Pesa. Ni kadi ya Visa isiyoshikika, ipo tangu 2022. Ile namba ya usalama ya tarakimu tatu hubadilika, omba mpya kila unaponunua. Bei mara nyingi iko kwa dola, angalia ubadilishaji kabla hujabonyeza. Albamu nyingine zimewekwa "lipa unavyotaka" na sifuri inakubaliwa, ila ukiweka sifuri kwa bendi ya mtaa wako, shauri yako.

*Mimi niko Dar. Huku rock iko wapi? Naona singeli tu.*

Singeli usiidharau, kasi ile wapiga metali wanaiheshimu. Kwa bendi za jukwaani pita Nafasi Art Space Mikocheni, na Februari vuka kwenda Sauti za Busara, Ngome Kongwe, Zanzibar. Si tamasha la rock, lakini magita yapo, na wanamuziki wakishuka jukwaani wanaongea. Uliza wao wanamsikiliza nani.

*Nje ya Kenya, Afrika nianzie wapi?*

Botswana, bila kusita. Wrust, Skinflint, Overthrust. Uganda kuna Vale of Amonition kama unapenda mwendo wa polepole na mzito. Wapenzi wa vitu vya kale watafute bendi za Zambia za miaka ya sabini, WITCH na Ngozi Family.

*Dada, swali la aibu: naweza kwenda peke yangu? Wanasukumana sana.*

Hakuna aibu, mdogo wangu, mimi mwenyewe nilianza peke yangu. Lile duara la kusukumana liko katikati mbele ya jukwaa. Simama pembeni karibu na fundi wa sauti, ndipo sauti inasikika vizuri pia. Ukianguka katikati, watu wale wale waliokusukuma ndio watakaokunyanyua. Cha kuangalia ni usafiri: panga wa kurudi naye kabla ya saa nne, au nenda shoo za mchana za Jumapili kwanza.

*Mama anasema ni muziki wa shetani. Nimjibu nini?*

Mimi wangu nilimpeleka Alliance. Alikaa nyuma, akaziba masikio nyimbo mbili, ya tatu akaniuliza yule kijana wa besi kwao ni wapi, mbona amekonda hivyo.