Somo: Safari na malazi ya pamoja kwenda kwenye tamasha la mashabiki

Ndugu wanachama, msimu wa matamasha ya mashabiki wa vibonzo, michezo na hadithi za kubuni ukikaribia huwa napokea swali lilelile: "Tunaenda wengi, tujipangeje?" Nimeratibu safari za namna hii mara kadhaa, na ile ya kwanza ilinifunza kwa uchungu. Watu tisa walisema watakuja. Nikachukua vyumba vitatu kwa jina langu, kwa ile bei nafuu isiyorudishwa. Zilipobaki wiki mbili, wanne walikuwa wameshajitoa, kila mmoja kwa sababu ya kweli kabisa: huyu mtihani, yule mzazi mgonjwa, wengine kazi. Hakuna aliyekusudia kunidhulumu. Lakini chumba cha tatu nilikilipia peke yangu, na urafiki wangu na mmoja wao haujarudi ulivyokuwa. Tangu siku hiyo simhesabu mtu kwa neno lake. Namhesabu kwa alicholipa.

Hatua ya 1: Tiketi kwanza

Usiguse chumba wala nauli kabla ya kujua nani ana tiketi, au beji kama inavyoitwa kwenye matamasha mengi. Chukueni mfano wa San Diego Comic-Con, tamasha la vibonzo la Marekani lililoanza mwaka 1970. Hapo lazima ujiandikishe mapema upate namba ya uanachama, halafu siku ya mauzo unaingia kwenye foleni ya mtandaoni ambayo kompyuta huipanga kwa bahati nasibu. Kundi la watu sita linaweza kujikuta wawili wamepata na wanne wamekosa. Tena beji huandikwa jina la mwenyewe, kwa hiyo aliyepata hawezi kumwachia mwenzake.

Ndiyo maana swali la kuulizana kabla ya siku ya mauzo ni hili: nusu yetu wakikosa, waliopata wanaenda au hawaendi? Jibu lipatikane mapema, watu wakiwa wametulia. Likiulizwa baada ya matokeo, aliyekosa ataona anatelekezwa, na aliyepata ataona anazuiwa.

Hatua ya 2: Lijueni tamasha lenu linavyokaa

Matamasha hayafanani, na malazi hufuata umbo la tamasha. Dragon Con ya Atlanta, Marekani, hufanyika ndani ya hoteli kadhaa zilizo karibu karibu katikati ya jiji. Anayelala humo anateremka kwa lifti tu, na vyumba hivyo huwahiwa mapema mno. Lucca Comics & Games, tamasha la vibonzo na michezo, hufanyika katika mji mkongwe wa Italia uliozungukwa na ukuta. Mji ni mdogo, umati ni mkubwa, hivyo wageni wengi hulala miji ya jirani kama Pisa na kuja kwa treni. Comiket ya Tokyo, soko la vibonzo vya mashabiki linalofanyika Agosti na mwishoni mwa Desemba, inakataza watu kukesha kwenye foleni. Huko kilicho muhimu ni kulala mahali ambapo treni ya kwanza ya alfajiri inapita. Worldcon, mkutano wa mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi, nayo huhama: mwaka 2023 ilikuwa Chengdu, 2024 Glasgow, 2025 Seattle. Uzoefu wa mwaka jana haukusaidii sana kujua mitaa ya mwaka huu.

Mnapolinganisha malazi, msipime kilomita. Pimeni dakika kutoka kitandani hadi mlangoni, kwa saa mtakazosafiri kweli. Nyumba nzuri ya bei rahisi iliyo mbali inageuka kuwa ghali pale treni ya mwisho inapoondoka kabla onyesho la usiku halijaisha, nanyi ni watano mnaotafuta teksi usiku wa manane mkiwa mmevaa mabawa ya wahusika wenu.

Hatua ya 3: Kianzio na daftari

Hapa ndipo naomba mtulie, maana safari nyingi huharibikia hapa.

Wekeni kiasi cha kianzio, yaani pesa ya kushika nafasi, na tarehe ya mwisho ya kukilipa. Kianzio kiwe kikubwa kiasi cha kumfanya mtu afikiri kabla ya kukitoa. Kwa kawaida mimi naomba sehemu yake ya usiku wa kwanza, au zaidi kama hoteli yenyewe inadai malipo ya awali. Tarehe ikipita, waliolipa ndio kundi. Asiyelipa hajafukuzwa, anaandikwa kwenye orodha ya akiba, nafasi ikipatikana anaitwa. Tunasema ahadi ni deni, na ni kweli, ila hoteli haikopeshi kwa ahadi ya rafiki yako.

Kabla hamjapokea hata senti moja, andikeni majibu ya maswali haya kwenye ujumbe mmoja ambao kila mtu ataujibu "nakubali": anayejitoa anarudishiwa kiasi gani na hadi tarehe ipi? Akileta mtu wa kuziba nafasi yake, nani anamkubali? Tamasha lenyewe likiahirishwa, hasara tunaigawaje? Mwaka 2020 matamasha mengi duniani yalifutwa, na makundi yaliyokuwa yameandika jambo hili yaliachana kwa amani.

Halafu daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari siku hizi ni jedwali la mtandaoni ambalo kila mmoja analiona. Safu zake: jina, alicholipa, tarehe, anachodaiwa, siku anayofika, siku anayoondoka. Ikiwezekana, anayeshika pesa asiwe yule anayehifadhi vyumba. Si kwa kumshuku mtu. Watu wawili wakiangalia hesabu moja, kosa linaonekana kabla halijawa ugomvi.

Kugawa gharama nako kuna njia zaidi ya moja. Tuseme chumba ni 520 kwa siku nne, sarafu yoyote mtakayotumia. Asha na Juma wa mfano wetu wanalala siku zote nne, Neema anakosa usiku wa kwanza, Baraka anafika kwa siku mbili za mwisho. Jumlisheni siku za kila mtu: 4 + 4 + 3 + 2 = 13. Gawanyeni 520 kwa 13 mpate 40. Asha na Juma watalipa 160 kila mmoja, Neema 120, Baraka 80.

Njia ya pili ni kugawa kila usiku kwa waliolala usiku huo. Usiku mmoja ni 130. Hapo Baraka analipa 65 tu, Neema kama 108, huku Asha na Juma wakibeba zaidi ya 173 kila mmoja. Hiyo inaonekana ya haki hadi ukumbuke kwamba chumba kisingepatikana kama hawa wawili wasingekichukua kwa siku zote nne. Mimi naipendelea njia ya kwanza. Ninyi chagueni yoyote, mradi mchague kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Kuchukua chumba

Hifadhini chumba kinachoweza kughairiwa bure, hata kama ni ghali kidogo, angalau hadi vianzio vyote viingie. Andikeni tarehe ya mwisho ya kughairi kwenye simu za watu wawili. Tazameni pia kama tamasha lina utaratibu wake wa hoteli zenye bei maalumu. Mara nyingi upo, na una tarehe zake.

Hesabuni vitanda, msiridhike na neno "watu wanne". Chumba cha watu wanne mara nyingi kina vitanda viwili vikubwa, maana yake kila mtu analala na mwenziwe kitanda kimoja. Kuna asiyeweza hilo, na ana haki ya kulisema bila kuulizwa sababu. Kila mmoja aandike mapema: nalala na nani, nakoroma au sikoromi, naamka saa ngapi, nina dawa inayohitaji friji. Majina ya wote yafike hotelini, na angalau wawili wawe na ruhusa ya kuchukua ufunguo. Nimewahi kuona watu wakikaa ukumbini kwa muda wa saa tano wakimsubiri mwenye jina aliyechelewa ndege.

Hatua ya 5: Usafiri na mizigo

Kama mnakwenda kwa ndege, msilazimishane kupanda ndege moja. Kubalianeni dirisha la saa chache la kufika na mahali pa kukutana, basi. Jambo linalohitaji akili zaidi ni mizigo, hasa kwa wanaovaa mavazi ya wahusika. Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 23 kwa begi linaloingia tumboni mwa ndege, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Deraya (vazi la vita) ya kadibodi haina uzito, lakini vipimo huvuka haraka, kwa hiyo itengenezwe vipande vinavyoungika. Upanga, hata wa mbao, usiende nao kwenye begi la mkononi. Rangi ya kupuliza na gundi zinazoshika moto haziruhusiwi kabisa, mtanunua mkifika. Pawabenki (betri ya kuchajia simu) ni kinyume chake: lazima iwe kwenye begi la mkononi. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hakuna swali. Yenye 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, hivyo iko ndani ya kikomo.

Kama ni gari la mmoja wenu, mafuta, ushuru wa barabara na maegesho vigawanywe. Kwetu dereva hachangii mafuta, kwa sababu gari linachakaa na yeye ndiye halali njiani. Bima ikague kama inamruhusu dereva wa pili. Anayeendesha apumzike kila baada ya saa mbili. Na nawasihi kwa dhati: msianze safari ndefu ya kurudi usiku tamasha linapofungwa. Mtakuwa mmesimama siku nzima na kulala kidogo kwa siku tatu. Ongezeni usiku mmoja kwenye bajeti tangu mwanzo, muuone kama sehemu ya nauli.

Hatua ya 6: Makubaliano ya chumbani

Machache yanatosha: saa ya kuzima taa, zamu za bafu asubuhi (anayejipamba kwa saa mbili aanze mapema au awe wa mwisho), na hakuna mgeni kulala bila wote kukubali. Asiyerudi usiku atume ujumbe.

Maswali ya wanachama

*Mimi nitalala sakafuni kwenye godoro langu. Kwa nini nilipe sawa na wa kitandani?*

Usilipe sawa. Kundi letu humpa wa sakafuni punguzo la robo, na pengo linagawanywa kwa wenye vitanda. Ila hakikisha umehesabiwa kwenye idadi iliyoandikishwa hotelini.

*Basi tukiingia saba kwenye chumba cha wanne kimyakimya, si kila mtu atalipa kidogo?*

Hapana, ndugu yangu. Idadi ile imewekwa kwa ajili ya moto na njia za kutokea. Mkigundulika mnaweza kutolewa wote, usiku, katika mji ambao hauna chumba hata kimoja kilichobaki. Na moto ukitokea, wazima moto wanatafuta watu wanne.

*Nina miaka 16, wenzangu wote ni watu wazima. Naweza kwenda nao?*

Mdogo wangu, nenda na mzazi, au mlezi ambaye mzazi wako amemchagua kwa maandishi, na chumba chako kiwe pamoja na huyo. Matamasha mengi na hoteli zina masharti yao kuhusu walio chini ya miaka 18, yasomeni pamoja nyumbani. Kwenye safari ninazoratibu mimi, mtu mzima halali chumba kimoja na mtoto asiye wake. Sikatai kwa kukushuku wewe wala wao.

*Wawili kati yetu wanahitaji viza. Tununue nauli lini?*

Viza kwanza, na kwa hao wawili chukueni malazi yanayoghairika. Kwa nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, lakini kusubiri siku hizo 15 ni kujitafutia balaa, maana miadi ya ubalozini hujaa. Pasipoti nayo iwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Nchi nyingine hutaka miezi 6. Kwenye makubaliano ongezeni mstari mmoja: aliyenyimwa viza anarudishiwa kila kinachorudishika, kabla ya mtu mwingine yeyote.

*Rafiki yangu wa karibu amejitoa baada ya tarehe, na anataka kianzio chake. Naona aibu kumkatalia.*

Naijua aibu hiyo. Usimjibu wewe kama rafiki, mpelekee ule ujumbe aliouandikia "nakubali". Mwambie nafasi yake ikizibwa na mtu wa orodha ya akiba atapata pesa yake yote, na kweli mtafute huyo mtu kwa bidii. Ukitaka kumsaidia zaidi, toa mfukoni mwako, usitoe kwenye fungu la wenzako.

*Mratibu asafiri bure?*

Sisi tulilijadili, tukakubaliana hapana. Anachopata ni kuchagua kitanda wa kwanza, na simu zake na ada za kutuma pesa zinalipwa na kundi. Makundi mengine humpunguzia kidogo. Lolote mtakaloamua, liandikwe kwenye jedwali, kwenye safu yake, kila mtu alione.