Farasi mkali? Chungulia hori lake kwanza

Farasi akianza kurusha mateke na kushtuka ovyo, usikimbilie kiboko. Tumbo lake hutoa asidi usiku na mchana, na mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu. Akikaa saa nyingi bila nyasi, anaungua ndani. Jike mmoja ninayemtunza alikuwa akilaza masikio na kung'ata hewa kila nilipokaza mkanda wa tandiko. Alipoanza kuwekewa nyasi hadi usiku, aliacha.

Wa kilo 500 mpe nyasi kavu kilo 7.5 hadi 10 kwa siku, adokoe muda wote. Nafaka punguza, hasa kama hana kazi nzito: wanga mwingi humpandisha mori. Badilisha chakula taratibu, siku 10 hivi, asije akasokotwa na tumbo. Ukali usipoisha, mwite daktari wa mifugo.