Kupeleka picha za Kitulo na Ruaha kwenye mashindano bila kuenguliwa

Kufungua akaunti kwenye tovuti ya mashindano, kulipa ada na kupakia picha ulizopiga kwenye hifadhi za Kitulo na Ruaha ni kazi ya nusu saa. Watu huenguliwa baadaye, picha ikishafika fainali na waandaaji wakadai faili ghafi, ile RAW iliyotoka kwenye kamera bila kuguswa. Kwa hiyo maombi ya kushiriki huanza kabla hujaondoka Iringa au Mbeya.

Weka kamera irekodi RAW na JPEG kwa pamoja. Ukiwa porini usifute fremu, hata zenye ukungu: majaji wanaweza kutaka zilizotangulia na zilizofuata picha yako, waone mnyama alikuwa akifanya nini. Ukirudi, nakili kadi nzima kwenye diski mbili ndipo uisafishe. RAW usiigeuze kuwa DNG, aina nyingine ya faili ghafi, maana baadhi ya mashindano hukubali DNG pale tu kamera yenyewe inapoiandika. Wala usipakie picha iliyopitia WhatsApp. Imeshafinywa na taarifa za kamera zimepotea.

Kisha saa. Ukiandika "saa 12 asubuhi" na aliyekutafsiria akaweka "12 am", jaji wa London ataelewa usiku wa manane, wakati faili inasema 06:00. Hilo tu linatosha kuibua shaka juu ya maelezo yako yote. Rekebisha saa ya kamera kabla ya safari, na kwenye maelezo andika saa kama kamera inavyoiandika.

Maelezo yenyewe yawe kweli tupu. Picha iliyopewa tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year, mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori, mwaka 2009, ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango, ilinyang'anywa tuzo Januari 2010 baada ya majaji kuamini kwamba mnyama alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 ikaondolewa nyingine iliyokuwa imeshinda mwaka uliotangulia, ya mnyama mla mchwa wa Brazili, kwa sababu alionekana kuwa mfu aliyekaushwa na kujazwa. Kama mnyama wako yuko kizuizini, sema. Kama ulitega kamera inayojipiga yenyewe, sema pia.

Kukata kingo, kurekebisha mwanga na kufuta doa la vumbi lililoganda kwenye sensa, kile kihisio cha mwanga ndani ya kamera, kwa kawaida huruhusiwa. Kuondoa tawi au kuongeza ndege hairuhusiwi, na RAW itakuumbua.

Ukiwa Ruaha, usimshawishi dereva aache barabara ili usogelee simba, na droni usirushe bila kibali. Tunza stakabadhi ya kiingilio na vibali vyote, vinaweza kuulizwa. Usiweke chambo, usimchezee ndege sauti ya mwenzake kwenye simu: ataacha kiota kuja kupigana na adui asiyekuwepo, na mayai yanapoa. Kinyonga usimhamishie tawi zuri zaidi. Kipunji, kima aliyetambuliwa rasmi na sayansi mwaka 2005, yupo misitu ya Rungwe, Livingstone na Ndundulu tu. Usimrushie ndizi, kwani akizoea chakula cha watu atakifuata mashambani, na huko kuna mitego.

Kitulo inahitaji uangalifu kuliko kwingine kote. Kati ya Desemba na Aprili maua yanapochanua, kishawishi ni kung'oa nyasi zinazoziba okidi, au kulalia nyingine tano ili upate moja. Fungua lenzi hadi f/4 au namba ndogo zaidi, nyasi za nyuma zitayeyuka zenyewe. Kilicho hatari zaidi ni GPS, alama ya mahali ambayo kamera au simu huiandika ndani ya picha. Viazi vya okidi huchimbwa na kuvushwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na picha yenye alama ya mahali humwongoza mchimbaji hadi kwenye shina. Futa GPS kwenye JPEG yoyote itakayoonekana hadharani, iache ndani ya RAW watakayoiona majaji peke yao. Sehemu ya mahali andika "Hifadhi ya Taifa Kitulo", usitaje kilima wala mto.