Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Bagamoyo

Dalali atakuonesha tailizi na feni. Wewe mwambie akufungulie jiko kwanza. Tazama juu, pale dari linapokutana na ukuta: masizi yakiwa yameganda mpaka yanang'aa kama lami, ujue kuni na mkaa vimewaka humo miaka mingi na moshi haukuwa na pa kutokea. Hayo masizi kwangu ni ushahidi tu. Zinazodhuru zaidi ni chembe usizoziona, ndogo mara 30 kuliko upana wa unywele, zinazopita mapafuni hadi kwenye damu. Hazikulazi kitandani leo. Miaka ikipita ndiyo yanakuja maradhi ya mapafu, moyo na kiharusi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo wa hewa. Jiko la kuni lisilo na dirisha hufikisha mamia. Kama huna pa kupikia ila humo, bei ya gesi ihesabu pamoja na kodi.

Nyumba ikiwa karibu na soko la samaki, usiende kuiona asubuhi. Nenda alasiri, upepo unapotoka baharini na moshi wa wakaanga samaki unapanda nao mitaani.

Halafu onja maji ya kisima. Pwani, kisima kikivutwa sana, maji ya bahari hupenya chini kwa chini. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale, nayo hupandisha presha. Mama mwenye nyumba mmoja aliniambia, "Mwanangu, haya tumeyanywa tangu enzi za wazee wetu," huku akimezea kidonge cha presha maji hayohayo. Sisemi ni maji peke yake, maana ng'onda, samaki wakavu wa chumvi, nao wamo. Ila niliuliza bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, liko wapi mtaani hapo, na linatoa maji siku ngapi kwa wiki.

Rangi ya zamani ikiwa inabanduka dirishani na una mtoto anayetambaa, usiipuuze: huenda ina madini ya risasi, ambayo hata kidogo huathiri ubongo wa mtoto. Mwombe baba mwenye nyumba aiondoe kabla hujahamia, iloweshwe kwanza, isikwanguliwe kavu, na mtoto asiwepo siku hiyo.