Fayawoli ya nyumbani inayowaka kwa CD: nilivyoifunga kwa shangazi, Mwanga Kigoma

Mtandao wa nyumba ya shangazi unalindwa na kompyuta kuukuu ya mezani isiyo na diski kuu (hard disk). Hiyo ndiyo fayawoli: mlinzi anayechuja kinachopita kati ya nyumba na intaneti. Mfumo wake endeshi, Alpine Linux, uko kwenye CD. Ukiwaka unapakiwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) na kufanya kazi humo. Mvamizi hawezi kuandika juu ya CD, kwa hiyo mashine ikizimwa na kuwashwa, mfumo unarudi ulivyokuwa.

1. Tafuta mashine yenye kadi mbili za mtandao. Zibandike alama: moja ya modemu, nyingine ya swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha vifaa vya ndani).

2. Pakua toleo la Standard la Alpine, hakiki sha256 (namba inayothibitisha kuwa faili haikuharibika), choma kwenye CD. Tumia CD-R na uifunge kabisa isiandikike tena. CD-RW siitaki kwa kazi hii, maana inafutika.

3. BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayosomwa kabla ya mfumo kuwaka. Hapa usiharakishe. Mimi niliweka CD iwe ya kwanza kuwaka, nikaaga. Baada ya siku chache shangazi akapiga simu: "Mwanangu, umeme umekatika, umerudi, lakini intaneti haijarudi." Nikaishuku CD, nikachoma nyingine, kisha ya tatu. Nikabadilisha waya. Mchana wote ukaisha. Jioni ndipo nikachomeka skrini, nikakuta mashine imesimama inasubiri F1 ibonyezwe, na kibodi haipo! Betri ya ubao mkuu ilikuwa imekufa: kila umeme ukikatika, mipangilio ya BIOS inafutika na saa inarudi miaka mingi nyuma.

Kwa hiyo weka betri mpya ya CR2032 kabla ya yote, hata kama iliyopo inaonekana nzima. Kisha rekebisha saa, weka "Halt On" kwenye "No Errors", na sehemu ya umeme unaporudi uchague "Power On". Majina hutofautiana kidogo kwa kila ubao. Saa usiidharau: ikiwa nyuma, vyeti vya tovuti za https vinakataliwa na huenda usiweze kupakua vifurushi (programu za Alpine).

4. Chomeka flashi, endesha `setup-alpine`. Kwenye diski jibu `none`. Mipangilio ihifadhiwe `usb`. Akiba ya vifurushi `/media/usb/cache`. Bila akiba hiyo, nftables (programu ya fayawoli yenyewe) haitakuwepo mashine ikiwaka tena, na utabaki bila ulinzi.

5. Sakinisha nftables na dnsmasq (inayogawa anwani kwa vifaa vya nyumbani), andika sheria zako (zuia vyote vinavyoingia kutoka nje, ruhusu vinavyoanzia ndani), washa `ip_forward` ili mashine ipitishe data kati ya kadi mbili, ongeza huduma kwa `rc-update` ili ziwake zenyewe. Kisha hifadhi mipangilio kwenye flashi:

`lbu commit`

Kila ukibadilisha kitu ndani ya `/etc`, rudia amri hiyo, la sivyo kinapotea. Flashi yenyewe inaandikika, kwa hiyo mimi hupendelea kadi ya SD yenye kitufe cha kufungia. Jaribu kuiandikia ikiwa imefungwa, kwani visomaji vingine havikitii kitufe hicho.

6. Ng'oa kibodi na skrini. Zima umeme ukutani, subiri dakika kumi, washa. Usiondoke kwa mwenyeji mpaka simu yake ifungue ukurasa bila wewe kugusa kitu.