Mercedes 230E Ikitetemeka Injini Gari Likisimama: Anza na Hewa, Skrubu Baadaye

Mwongozo huu unahusu mfumo wa K-Jetronic wa Bosch, ulioanza kutumika mwaka 1973, ambao mimi hapa Mombasa hukutana nao zaidi kwenye Mercedes 230E za umbo la W123, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1980. Kompyuta haimo. Hewa inayovutwa na injini huisukuma chini sahani ya chuma, mkono wa sahani hiyo huinua pini iliyomo ndani ya kigawa mafuta, na petroli hutiririka bila kukatika hadi kwenye nozeli nne, vali za injini ziwe zimefunguka au zimefungwa. Kwa hiyo petroli yote hupimwa kwa hewa iliyopitia kwenye sahani. Hewa ikipata upenyo mwingine wa kuingilia haipimwi, petroli haiongezeki, na mchanganyiko wa hewa na petroli huwa mwepesi. Mimi huiita hewa ya wizi. Ukikanyaga mafuta wizi huo hauonekani, kwa kuwa hewa halali ni nyingi mno. Ukiachia, hewa halali hupungua ikawa kidogo sana, na hapo ndipo injini hutetemeka, hupanda na kushuka, au huzima.

Mzee mmoja wa Kibokoni alinijia na gari la namna hiyo. "Fundi, nikienda Nyali halina neno," akasema, "lakini nikifika foleni ya feri Likoni linanizimikia mara tatu kabla sijaingia." Nikamuuliza limeshikwa na nani. "Wamelishika wawili, na wote wamezungusha skrubu." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi huuliza habari ya skrubu hiyo ya kuongeza na kupunguza petroli kabla sijafungua boneti.

Kabla ya kuanza, andaa geji ya presha ya petroli yenye vali yake, ufunguo wa aleni wa milimita 3 ulio mrefu, koleo la kubania hosi, matambara, na kizima moto kilicho hai. Petroli ya mfumo huu husukumwa kwa presha ya takriban baa 5, na paipu ikilegezwa kwa pupa hurusha ukungu unaoshika moto mara moja. Ikiwa unafanyia kazi pembeni mwa barabara, mwombe mama wa chai asogeze jiko lake mbali kabla hujashika spana. Hatakataa ukimweleza sababu.

Hatua ya kwanza ni moto wa plagi. Toa plagi zote uzitazame, angalia waya, kofia ya distribyuta na rota. Hewa ya chumvi huotesha ukungu wa kijani kwenye viungio vya shaba, na plagi moja isiyochoma hutoa mtetemeko unaofanana kabisa na ule wa hewa ya wizi. Maliza hapo, usikawie.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Washa injini, iache ipate moto, kisha fungua kifuniko cha kumiminia oili huku injini ikinguruma. Katika injini iliyo nzima mngurumo hubadilika papo hapo, ukaporomoka au injini ikazima, kwa sababu umeifungulia hewa isiyopimwa. Ikiwa hakuna kinachobadilika, tayari kuna upenyo mkubwa mahali pengine. Ikiwa injini inatulia na kunguruma vizuri zaidi, mchanganyiko una petroli nyingi kupita kiasi. Kipimo hiki hakina gharama, nami hukiamini kuliko maneno ya fundi aliyetangulia. Angalia pia gasketi ya kifuniko hicho na mpira wa kijiti cha oili, maana vyote viwili huvujisha hewa.

Sasa tafuta upenyo wenyewe. Bana hosi za hewa moja baada ya nyingine, ukianza na ile nene ya breki: ukibana na mngurumo ukatulia, mwizi yuko upande huo. Usisahau kwamba kufuli za milango za W123 hufungwa kwa mvuto wa hewa, hivyo mpira uliopasuka ndani ya mlango wa nyuma unaweza kuivuruga injini iliyo mbele. Oringi za nozeli, ile mipira ya duara inayoziba hewa, hukauka zikawa ngumu kama ganda la embe. Jaribu kuizungusha nozeli kwa vidole, na ikicheza kwa wepesi, badilisha oringi zote nne kwa pamoja. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungio ili wasikie injini ikibadilika. Mimi sipendi kupuliza kitu kinachowaka juu ya ekzosi yenye moto, na maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia hunitosha.

Kwa gari la mzee, vyote hivyo vilikuwa salama. Nikang'oa chujio la hewa, nikapenyeza mkono chini ya kipima hewa, yaani makazi ya ile sahani, mahali ulipo mpira mkubwa unaoelekea kwenye koo la injini, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwa juu ulikuwa mweusi, unang'aa, umefutwa vizuri. Kwa chini, pasipoonekana hata kwa kioo, kidole changu kikazama katika ufa mrefu kama kiberiti. Gari likisimama, injini hulegea kwenye mipira yake, ufa hufunguka na kufumba. Mpira huo ukishaonyesha nyufa ndogo, ununue mpya. Gundi haidumu wiki mbili.

Hatua ya tatu ni vali ya hewa ya ziada, ambayo hufunguka injini ikiwa baridi na kujifunga kadiri inavyopashwa na umeme. Hapa kwetu injini iliyolala usiku kucha huamka ikiwa na nyuzi 20 na ushei, hivyo kipindi cha baridi ni kifupi na kasoro yake hupita bila kutambuliwa. Bana hosi yake asubuhi: mngurumo ushuke. Bana tena injini ikishapata moto: usibadilike. Ukibadilika, vali haifungi, au soketi yake haina umeme.

Hatua ya nne ni presha. Funga geji kati ya kigawa mafuta na kidhibiti cha kupasha moto, kile kinachobadilisha presha juu ya pini kadiri injini inavyopata moto, vali ya geji ikiwa upande wa kidhibiti. Ukifunga vali utasoma presha ya mfumo, takriban baa 5. Ukiifungua utasoma presha ya udhibiti, ambayo injini ikiwa na moto hukaribia baa 3.5, linganisha na kitabu cha gari lako. Presha ya udhibiti ndiyo inayoikandamiza pini: ikiwa chini mno, petroli huzidi na moshi huwa mweusi, ikiwa juu mno, petroli hupungua. Kwa uzoefu wangu wa pwani, ile ya chini mara nyingi ni soketi ya kidhibiti iliyoliwa na chumvi, si kidhibiti chenyewe. Halafu zima injini usubiri dakika 20. Presha ikianguka yote, ndiyo sababu gari hugoma kuwaka likiwa na moto.

Hatua ya tano, injini ikiwa imezimwa, sukuma sahani chini taratibu kwa kidole. Iteremke kwa uzito ulio sawa, isikwaruze pembeni wala kukwama. Ikikwama, petroli iliyolala imeacha gundi kwenye pini, na kazi hiyo inahitaji meza safi.

Hatua ya sita, na sasa tu, gusa skrubu. Weka mngurumo kwa skrubu ya hewa iliyo kwenye koo la injini, karibu na mizunguko 800 kwa dakika. Kisha ingiza aleni kwenye skrubu ya petroli, bonyeza hadi ishike: kulia huongeza petroli, kushoto hupunguza. Zungusha kidogo sana, chini ya moja ya nane ya duara, toa ufunguo, kanyaga mafuta kidogo, subiri injini itulie, ndipo usikilize. Usikanyage mafuta wakati ufunguo bado umo ndani, kwani huzuia mkono wa sahani na unaweza kuupinda. Mwenye mashine ya kupimia moshi atafute monoksidi ya kaboni karibu asilimia 1.

Gari la mzee lilinidai robo tatu ya duara kwenda kushoto, kufuta kazi ya wale wawili. Jaribio lake nililifanya saa saba mchana: nikaliendesha hadi likapata moto, nikalizima juani dakika 15, nikaliwasha, nikawasha taa na feni, nikaweka gia ya D huku nimekanyaga breki. Mshale wa mizunguko ulishuka kidogo, ukapanda, ukakaa.